Nilimsomea Mama Maneno Yasiyomo Kitabuni

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka arobaini na moja, nimeachika, naishi Magomeni hapa Mtwara na mama yangu ambaye magoti yamemgomea. Kumwogesha, kumpikia, kumpeleka hospitali, ni mimi. Sijawahi kulalamika, ila nimechoka, na leo naomba niseme.

Mdogo wangu yuko Dar. Mwaka huu ametoa kitabu cha insha, anaeleza maisha yake na kuchambua mambo yetu: harusi za kuchangishana, mapenzi ya mitandaoni, vichekesho vya runinga vinavyotucheka sisi watu wa Kusini tukizungumza. Anaandika vizuri, simnyimi haki yake. Mama anasoma msahafu, lakini herufi za shule hakujifunza, kwa hiyo baada ya alasiri namsomea kibarazani. Ile ya vichekesho alicheka mpaka akakohoa.

Kisha nikafika kwenye insha ya mama mwenyewe. Mdogo wangu ameandika kwamba mama alimtoa darasani akampeleka unyagoni analia, wala hakugeuka nyuma. Kwamba alimjua mama kwa mgongo tu, maana siku zote alikuwa ameinama shambani. Kwamba hakumbuki kukumbatiwa. Si uongo. Na mimi nilipelekwa unyagoni vilevile, ila mimi sikuandika.

Mama alikuwa ananitazama, anangoja. Nikaacha macho kitabuni, mdomo ukaanza kutunga. Nikasoma kwamba mama alikuwa akirudi shambani na mabibo kwenye pindo la kanga, mazima anatupa sisi, yaliyopondeka anakula yeye. Kwamba hakuwa na maneno mengi, lakini hatukulala na njaa hata mwaka ule korosho zilipokosa bei.

Mama akajifuta machozi. Akasema, "Kumbe mwanangu aliyaona yote. Wewe nashinda nawe kutwa, hujawahi kuniambia neno kama hilo."

Nikafungua ukurasa mwingine.

Tangu hapo kila mgeni akija ni, "Msomee pale pangu." Nikisahau kipande ananirudisha, "Umeruka mabibo."

Juzi mdogo wangu akapiga simu, akamwuliza mama kama ameisikia insha yake. Mama akamjibu, "Nimesomewa, mwanangu, na radhi zangu unazo." Mdogo wangu akalia sana. Anaamini mama amezisikia lawama zote na amezipokea. Sasa anakuja kukisoma kitabu ukumbini hapa mjini, na insha aliyoichagua ni hiyo hiyo. Nikamwomba aiache. Akasema, "Dada, mama mwenyewe ameibariki, wewe inakuuma nini?" Mama naye ameshapeleka kitenge kwa fundi, anataka kukaa mbele kabisa.

Nikinyamaza, mama atayasikia yale mbele za watu. Nikimwambia mdogo wangu, nitamnyang'anya radhi alizozililia. Nikimwambia mama, atajua mwanawe amemwandika vipi. Na yale ya mabibo yalikuwa yangu, yalitoka moyoni mwangu, ila nani ataniamini sasa?

Jana namkanda magoti, mama akaniambia nijifunze kwa mdogo wangu namna ya kumpenda mzazi. Nikaendelea kukanda. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini?