Jibu la Gatimu Lililofika Haraka Mno

Sikuwa najua kwamba mtu mzima anaweza kukaa chuo kikuu akichunguza kama mashine inaweza kudanganya. Tata Kabura, dada mdogo wa mama yangu, alikuwa akifanya hivyo hasa. Mwaka wa 1999 alikuwa na kompyuta moja na laini ya simu katika chumba juu ya duka la mbegu mjini Nyeri. Mchana aliwasaidia watu kutuma barua pepe kwa watoto wao walio ng'ambo. Jioni, kwenye kompyuta hiyo hiyo, aliandika utafiti wake wa falsafa wa chuo kikuu. Alitembea kama mtu anayejua anakoenda, hata akienda kununua maziwa tu.

Sura ya utafiti huo aliyojivunia zaidi ilisema hivi: mashine ikimfariji mtu, na mtu huyo asiulize ni nani amesema, hakuna aliyedanganywa. Mimi nilikuwa kidato cha pili na niliona ni kweli kabisa.

Likizo ya Agosti akaja Magdaline, mjane wa Tetu, uso unang'aa. Wiki iliyotangulia, Tata akiwa Nairobi, mwalimu jirani alikuwa amemsaidia kumwandikia Gatimu, kifungua mimba wake aliye Amerika, kwamba kina Mwaniki wanataka kuleta mbuzi wa mahari ya Murugi, binti yake. Baba yao hayupo tena, kwa hivyo wazee hawangepokea hata mbuzi mmoja kabla Gatimu hajakubali. Jibu lilifika kabla hajainuka kitini. Mwalimu akamtafsiria kutoka Kiingereza: Asante kwa ujumbe wako. Nimeupokea, nao ni muhimu kwangu.

Kwa wazee hilo lilitosha. Mtu akipelekewa maneno ya mahari, akayapokea na kushukuru, amekubali. Mbuzi walikuwa wanakuja Jumamosi. Magdaline alitaka tu kumshukuru mwanawe.

Tata akatuma. Jibu likarudi papo hapo, maneno yale yale. Niliona mkono wa Tata ukisimama; alikuwa ameelewa. Gatimu alikuwa ameiachia kompyuta ya kazini imjibie kila mtu, awe mama yake au muuza viatu.

Magdaline akacheka. "Ati watoto wakienda huko wanasahau. Huyu wangu hachoki kunijibu."

Hakuuliza ni nani amejibu. Kwa ile sura, Tata angeweza kunyamaza. Lakini Murugi angeposwa kwa "ndiyo" ambayo hakuna mtu aliyeisema, na Gatimu akija kukataa, mbuzi wangerudishwa kwa aibu.

Tata akavuta kiti karibu naye. "Mama Gatimu, huyu si Gatimu. Ni mashine. Inamwambia kila mtu hivyo, hata kabla yeye hajasoma."

Magdaline aliitazama kompyuta vile mtu humtazama jirani anayemshuku kwa kuku wake aliyepotea. Akauliza kama ilimjua Murugi. Haimjui, Tata akasema.

"Sasa imenishukuru ya nini?"

"Haijakushukuru. Imefundishwa kusema tu." Na akanigeukia mimi, akaniambia ile sura ataiandika upya.

Kisha akamshauri Magdaline aulize jambo ambalo Gatimu peke yake angelijua. Magdaline hakufikiri sana. Akataka aambiwe jina la ng'ombe aliyempiga Gatimu teke asubuhi ya kipaimara. Tata akatuma, mashine ikashukuru papo hapo. "Wewe nyamaza," akaiambia, "sijaongea na wewe."

Siku kadhaa hakukuja kitu. Ijumaa tukamsomea Magdaline: "Mama, huyo ng'ombe hakuwa na jina. Ulikuwa unamuita Shetani, halafu unaomba msamaha kanisani. Na haikuwa kipaimara, ilikuwa siku ya mtihani. Kina Mwaniki waje, lakini harusi ingoje Murugi amalize chuo cha ualimu. Hapo sibadiliki."

Nikadhani atakasirika, maana wazee sasa wangekuwa na maneno mapya ya kujadili. Magdaline akafunga leso yake vizuri, akasimama.

"Huyu sasa ndiye Gatimu," akasema. "Hajawahi kukubali kitu bila kubishana."