Ndege wa Bahari Niliyemwona Namawala

Nikisimulia hili huwa naona aibu kana kwamba lilitokea jana, na mke wangu akinisikia naanza hutoka nje kabisa, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa Namawala, ambao wanaongeza chumvi.

Mimi nafundisha bailojia hapa Ifakara, na ugonjwa wangu ni ndege. Nimo kwenye kundi la WhatsApp la watazama ndege, wengi wao wa Dar, watu wa darubini za bei mbaya, na kila nikiandika nimeona kitu lazima mmoja ajibu, "Mwalimu, huko kwenu kuna yangeyange tu." Basi masika yaliyopita pwani ikapigwa na dhoruba siku tatu, upepo ukafika hadi huku ukang'oa mabati, na mimi nikajua (hili kila mtazama ndege analijua) kwamba dhoruba ya namna ile inaweza kumsukuma ndege wa baharini akatua mahali asipopajua.

Jumamosi asubuhi nikachukua bodaboda hadi Namawala. Mashamba ya mpunga yalikuwa maji matupu, ukungu umetanda, na kule katikati, juu ya kichuguu kilichobaki kama kisiwa, kasimama ndege mkubwa mweusi, katanua mabawa anayaanika, na kooni ana wekundu. Sasa, yupo ndege wa bahari kuu, mweusi, dume lake lina mfuko mwekundu kooni, na sijasikia mtu aliyemwona bondeni kwetu. Nilichotakiwa kufanya ni kukunja suruali nivuke yale maji nikamtazame vizuri. Sikuvuka. Nilijiambia nitamtisha (ukweli ni kwamba naogopa ruba). Nikapiga picha kwa simu kupitia darubini, likatoka doa jeusi lenye nukta nyekundu, nikalituma kundini na maneno haya: "Dume la ndege wa bahari kuu, Namawala. Nina uhakika."

Haikupita hata robo saa, Mzee Sefu akapiga. Huyu ni mpimaji ardhi mstaafu, ndiye tunayemheshimu wote kundini, na tulijua macho yake yanaanza kumwacha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu, huyo ndege nimemtafuta miaka thelathini. Ni yeye?"

Ningesema sijui, yangeishia pale. Nikasema, "Ni yeye, mzee."

Wakaondoka Dar mchana ule ule, watu watano kwenye gari moja, wakalala Mikumi, na Jumapili saa tatu asubuhi walikuwa mlangoni kwangu. Mzee Sefu akanishika mkono, akaniuliza tena taratibu, "Ni yeye kweli?" Nikamjibu kifua mbele kwamba ni yeye.

Kabla ya kufika shambani gari likazama kwenye tope, akaja Msukuma mmoja na ng'ombe wake wanne kulivuta, na watu waliokuwa wanatoka misani wakasimama kutazama.

"Mnatafuta nini?" akauliza yule mwenye ng'ombe.

"Ndege wa baharini."

Akatazama mashamba, akanitazama mimi. "Bahari ipi?"

Nikakunja suruali. Tukaingia majini, kijiji kizima nyuma yetu, Mzee Sefu kanishika bega, maji kiunoni, uso umemng'aa kama bwana harusi. Ndege alikuwa pale pale kichuguuni. Tulipomkaribia akageuza shingo, nikaona kwamba ule wekundu una fundo. Kilikuwa kitambaa. Na bado, jamani, mdomo haukufunguka, niliendelea kumwongoza yule mzee wa watu hatua kwa hatua kana kwamba huko mbele kitabadilika kuwa kitu kingine.

"Kumbe mmenipatia bata wangu," ikasema sauti nyuma yetu. Alikuwa Mama Kalista, mwenye shamba. "Nimemtafuta tangu upepo ule. Nilimfunga kitambaa nisimchanganye na wa jirani."

Akamwita, naye bata akashuka majini akaja anaogelea moja kwa moja, mkia unatikisika, mbele ya darubini sita.

Mzee Sefu akashusha yake. "Mwalimu, mimi hata kwa macho haya naona ni bata."

"Ndiyo, mzee."

Mama Kalista alifurahi sana, akatukaribisha wali na samaki, na wote walicheka wakala, isipokuwa Mzee Sefu, ambaye alipotaka chumvi iliyokuwa mbele yangu alimwomba mtu mwingine amsogezee. Walipokuwa wanaondoka nikamfuata dirishani kumwomba radhi.

"Kukosea hata mimi nimekosea mara nyingi," akasema. "Ila wewe nilikuuliza mara mbili." Akapandisha kioo.

Tangu siku ile, nikiona kitu chochote kwenye maji, naingia kwanza, ruba wanyonye watakavyo. Na simu naiacha nyumbani.