Mwamvita Anunua Laptopu kwa Mtalaka Wake

Mwamvita Awadhi wa Chemchem alipiga video harusi ya mtalaka wake mwenyewe, na aliipiga vizuri. Mji ulizungumza sana, maana Tabora imezoea kuzungumza tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakitua mizigo na kuanza kuwasema walioachwa nyuma. Yeye hakujali. Alikuwa na kamera tatu na droni, alikuwa na miaka arobaini na kitu, na kumwona Nurdini akivishwa kilemba kwa ajili ya mke mwingine kulimpa raha ya aina yake, kama kumwona jirani akinunua gari ulilowahi kuliendesha wewe na magonjwa yake yote unayajua.

Walikuwa wameachana kwa heri, yaani bila polisi na bila kurushiana masufuria. Sababu ilikuwa uongo. Nurdini hakuwa na wanawake wa nje. Hiyo ni kazi ya kuamka mapema, naye hakuwa na bidii hiyo. Uongo wake ulikuwa mdogo mdogo na hauna faida. Ukimuuliza amekula wapi, anataja mgahawa mwingine. Ukimuuliza nani kapiga simu, anamtaja mtu tuliyemzika. Mwamvita alivumilia, kisha akachoka, akabeba kamera zake akarudi kwa wazazi.

Aliyemwomba apige video hiyo alikuwa bi harusi, Najiat, mchora hina wa Ipuli. Alimfuata nyumbani, akakaa kwenye mkeka bila kuegemea ukuta.

"Shikamoo, dada Mwamvita."

"Marahaba."

"Nimekuja na jambo la aibu."

"Sema. Mimi aibu niliimaliza mwaka nilioishi na mama mkwe."

"Nataka harusi yangu ipigwe na mtu anayejua kazi. Hawa wengine wanamfanya bi harusi anakuwa mweupe kama chaki, hata hina haionekani. Na hina nachora mwenyewe."

Mwamvita alicheka mpaka mtandio ukamdondoka, akakubali.

Harusi ikapita. Siku ya kuhariri, kompyuta ikafa. Ilikuwa ya mezani, kubwa kama friji ndogo, na ikipewa kazi nzito ilinguruma kama mashine ya kusaga. Bwana harusi alikuwa ndiyo kwanza anaingia ukumbini, miguu yake ikakatika mapande mapande kwenye kioo, kikasikika kishindo kidogo ndani ya sipiyu, ikatoka harufu ya waya ulioungua. Fundi aliifungua, akaitazama, akaifunga tena taratibu, kama mtu anayemfunika maiti uso.

Bahati nzuri video zote zilikuwa kwenye diski ya nje. Mwamvita akaamua hapo hapo: hanunui tena kitu cha kukaa mezani. Kwanza, umeme ukikatika kinazima na kazi yako. Pili, na hili ndilo lililomuuma zaidi, wateja hawatoki. Kila mwenye harusi alileta shangazi wa kukaa pembeni ya mhariri na kutoa amri, shangazi akaleta mwenzake, na wote walikula. Akiwa na laptopu angewafuata kwao, akale chakula chao, na akichoka aifunge aondoke. Alitaka mashine yenye nguvu za trekta na uzito wa kitenge.

Alipolisema hilo, kila mtu akawa mtaalamu. Binamu yake Doto, mshona magodoro, alisema laptopu ni laptopu, muhimu chaji ikae. Mpiga picha mmoja wa stendi alimwambia angalia kioo tu. Lakini moyo wa Mwamvita, tuseme ukweli, ulikuwa umeshachagua. Aliwahi kuona watu wa filamu kutoka Dar wakipiga picha pale Kwihara, kwenye tembe la Livingstone. Dada mmoja kati yao alikuwa na laptopu ya rangi ya fedha, nyembamba, akaifungua kwa kidole kimoja kama anafungua kijaluba cha wanja. Mwamvita hakuuliza ina nguvu gani. Alitaka kuwa yule dada.

Kuagiza Dar kulikuwa na mashaka. Mzungu huyo wa tembe mwenyewe alikaa Kwihara miezi akisubiri mizigo yake kutoka pwani, na sisi tuliokuja nyuma yake tunadai mambo yamebadilika. Ndugu za Najiat wasingesubiri. Walikuwa wameshaanza kupiga simu kwa zamu, wakianza na salamu za watoto na kuishia kwenye vitisho. Na hapa mjini mtu aliyekuwa na laptopu za maana za mtumba alikuwa mmoja tu, mwenye duka karibu na soko.

"Karibu, mteja," alisema Nurdini.

"Mteja ni shangazi yako. Nitolee ile ya fedha."

Nurdini akaitoa, akaipangusa kwa kitambaa cha miwani ingawa havai miwani. Ilikuwa nyembamba kweli. Chini ya vibonye ilibandikwa stika inayong'aa kutangaza kwamba ndani kuna prosesa ya daraja la juu kabisa.

"Hii inaendesha chochote," alisema. "Alikuwa nayo mkurugenzi."

"Mkurugenzi wa nini?"

"Wa… maji. Wa maji na mambo mengine."

Mwamvita aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaipenda. Aliketi akaipakata, akajiona Kwihara na miwani ya jua. Akakaribia kusema naichukua. Ila kazi ni kazi. Akatoa diski ya nje kwenye mkoba, akaichomeka. Programu ya kuhariri ilikuwemo tayari, Nurdini huiweka kwenye kila mashine ili zionekane zimesoma. Na faili zito kuliko yote aliyokuwa nayo, lenye kamera tatu na droni kwa pamoja, lilikuwa la harusi ya mwenye duka.

"Hiyo ndiyo ya kujaribia?" Nurdini aliuliza. "Huna nyingine?"

"Si umesema inaendesha chochote?"

Wateja wawili waliokuwa wakichagua chaja za simu wakasogea. Muuza juisi wa mlango wa pili naye akaingia. Video ikaanza: zulia jekundu, vigelegele, bwana harusi analetwa. Mwamvita akaweka rangi, akaweka maandishi, akaongeza kile kipande cha droni. Feni ikaanza kulia kama mbu, halafu kama nyuki. Kioo kikaganda.

Na kiligandia pabaya. Kilimnasa Nurdini amejipinda, mkono mmoja nyuma ya kanzu, akijinasua kitambaa mahali ambapo kanzu ya kuazima humbana mtu. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye mawazo mazito.

"Zima," alisema Nurdini.

"Haizimiki. Imeganda."

"Ifunge basi!"

"Nikiifunga nitajuaje kama inapona?"

Muuza juisi alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Mtu wa barabarani akauliza kuna nini, akaambiwa, akaingia. Laptopu ikazidi kupata moto. Mwamvita aliitoa mapajani akaiweka juu ya kaunta, na alipoiweka, ile stika ya daraja la juu ikajikunja pembeni, ikateleza na gundi yake, ikaanguka. Chini yake palikuwa na stika nyingine, ya zamani, ya prosesa dhaifu inayofaa kuandikia barua ya likizo.

Mwamvita alimtazama mtalaka wake, akahisi ule uchovu wa zamani ukirudi mabegani. Hata hasira hakuwa nayo. Alijionea huruma kidogo kwamba alikuwa karibu kubeba laptopu kwa sababu ya wembamba wake, na yeye mtu mzima.

Najiat akaingia na bakuli la chakula cha mchana la mumewe. Aliwapita watu, akaona kioo, akakiinamia.

"Huyu si wewe?"

"Ni mashine imeharibu," Nurdini alisema.

"Mashine imeupeleka mkono wako huko?" Akaweka bakuli chini. "Dada Mwamvita, shikamoo. Video yangu iko wapi?"

"Marahaba. Video yako ndiyo hiyo. Nimekosa mashine ya kuimalizia, na mumeo ananiuzia stika."

Najiat akaichukua ile stika kwenye kaunta, akaisoma, akaibandika kwenye kifuniko cha bakuli. Kisha akamgeukia mumewe kwa sauti ya chini kabisa, ambayo Mwamvita aliitambua kuwa ndiyo sauti yenye manufaa, na akajuta kwamba yeye siku zote alipiga kelele.

"Nurdini, ile nyeusi ya nyumbani. Uliyoniambia ni ya hesabu za duka."

"Ile ni ya hesabu."

"Hesabu gani zina makipa?"

Nurdini akatoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa amekumbatia laptopu nyeusi, nene, yenye matundu makubwa ya kutolea joto na chaja kama tofali la kuchoma. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa magemu, na alikuwa akiichezea mpira kila jioni huku mke akimpelekea chai kwa kumwonea huruma na kazi nyingi. Alipoiwasha, vibonye vyote vikawaka taa: nyekundu, kijani, bluu, zikikimbizana kama kwenye ukumbi wa disko.

Ilikuwa mbaya. Mwamvita hakuwahi kuona kitu kibaya kama kile nje ya kabati la wakwe. Akachomeka diski. Zulia jekundu likapita bila kukwama, droni ikapaa juu ya Ipuli, rangi zikatulia, na hina ya Najiat ikaonekana mstari kwa mstari. Akasogeza chaja za kwenye kaunta kando, akavuta kiti. Akachomoa waya wa umeme makusudi, mashine ikaendelea. Akaipa kazi tatu kwa mpigo; ikapuliza hewa ya moto, ikafanya.

"Hii," alisema.

"Ila hiyo siuzi," Nurdini alisema.

"Anauza," Najiat alisema.

Wateja walitawanyika, muuza juisi akakumbuka juisi. Wanawake wawili wakabaki mbele ya kioo, wakipitia harusi. Ikafika sehemu bi harusi anaingia. Kamera ya pili ilikuwa imemshika Nurdini karibu, na Nurdini alikuwa analia. Machozi ya kweli yalimchirizika hadi kidevuni. Mwamvita alikuwa ameiona sehemu hiyo siku ya harusi, ila kwenye kioo cha kamera kidogo kama kiganja. Sasa aliiona kubwa. Kwenye harusi yao wawili, Nurdini alipiga miayo.

Kidole chake kikasita juu ya kibonye. Najiat alikiona.

"Dada," alisema polepole, "hapo unaweza kukata."

"Kwa nini nikate? Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote."

"Mwangalie pua."

Mwamvita akaangalia pua: ilivimba na kung'aa kama balbu. Wakacheka wote wawili kwa nguvu hata mwenye machozi akauliza nini, hakujibiwa. Mwamvita aliyaacha machozi, akaipunguza pua kwa rangi, na alipoondoka na ile mashine akiwa ameifunga kwenye kanga mbili kifua kilikuwa chepesi, mgongo ndio uliomuuma.

Kazi iliyofuata ilikuwa Kwihara, kwa kwaya ya kigango iliyotaka video yake iwe tayari kabla ya Pasaka. Alikwenda kwa bodaboda, laptopu mgongoni ikimsukuma kila penye shimo. Wanakwaya walimwamkia "mwangaluka" naye akaitikia hivyo hivyo, wakamweka sakristia, chumba anachovalia padri, penye soketi, na alipoiwasha mashine zile taa zikaanza kukimbizana. Mama mmoja akajipiga ishara ya msalaba. Mwalimu wa kwaya, Anselm, mtu mnene mwenye sauti nene, akasogea.

"Mama, samahani. Tuko Kwaresima. Hizi taa haziwezi kuwa zambarau?"

Mwamvita akatafuta kwenye mipangilio, akakuta zinaweza. Vibonye vyote vikatulia kwenye zambarau moja ya heshima, na watu wakavuta viti.

Kazi ilikwenda vizuri. Imakulata wa sauti ya pili aliomba asogezwe mbele, akasogezwa. Jioni ilipokaribia Anselm akabaki nyuma ya wenzake, akainama hadi sikioni kwa mhariri.

"Na mashine yenye nguvu namna hii, haina mahali pa kupunguza tumbo?"

Mwamvita alijaribu. Tumbo la Anselm lilirudi ndani vizuri kabisa, ila nguzo ya kanisa iliyokuwa nyuma yake nayo ikabonyea kwa ndani, kama kwamba kwa karne nzima ilikuwa imebana pumzi. Alijaribu kuinyoosha, tumbo likarudi. Akamwonyesha Anselm picha zote mbili ili achague.

"Acha nguzo ibonyee," alisema Anselm.

Video ilitoka siku ya Pasaka na ilipendwa sana. Padri peke yake ndiye aliyeuliza kuhusu nguzo, na kesho yake alionekana akiizunguka kanisani huku akiipapasa kwa kiganja.