Nchi Tatu za Babu Aliyekuja

Swali lililoninyima usingizi halikuwa kama nitakubaliwa au nitakataliwa. Lilikuwa hili: nikitaja nchi moja mbele ya watu, posa yangu ikapokewa kwa ajili ya nchi hiyo, kisha ikaja kujulikana kuwa siyo, nitakuwa nimeoa kwa haki au kwa udanganyifu? Nililala chali nikalichambua. Nikageukia ubavu nikalichambua upya. Nilifika hata pa kuwaza kuwa watoto, ambao hawajazaliwa na ambao mama yao bado hajawa mke wangu, siku moja watanikalisha kitako wanitake maelezo.

Waliosababisha yote haya ni ndugu wawili wa baba yangu. Baba mwenyewe alishafariki, kwa hivyo posa yangu ilipelekwa Shumba, kwao msichana wangu, na bamkubwa na bamdogo. Mimi, kama ilivyo desturi, nilibaki nyumbani Jadida nikiitazama simu. Naambiwa mambo yalianza vizuri. Walisalimiana, wakala halua, wakaisifia shahada yangu bila ya kugusia kuwa tangu niipate sijaajiriwa. Kisha mzee wa pale, baba yake msichana, akauliza kitu ambacho wazee wa kwetu hawakosi kukiuliza penye posa: asili yenu wapi? Bamkubwa akasema Shihiri, kule Uarabuni. Bamdogo, wakati uleule, akasema Ngazija.

Kisa hiki nilihadithiwa mara mbili, na kila mmoja alinihadithia kana kwamba mwenziwe ndiye aliyekurupuka. Walichokubaliana ni maneno ya yule mzee tu.

"Hamna neno," aliwaambia. "Mkishapatana nyie kwa nyie, njooni. Jawabu yenu ipo."

Basi ndoa yangu ikawa inamsubiri marehemu. Baba yake babu yangu, ambaye nyumbani tunamwita babu aliyekuja, alishuka kisiwani akiwa kijana, akaoa Gando, akapanda mikarafuu, akazikwa hukohuko. Kwamba alikuja, hakuna anayebisha. Alikotoka ndiko kwenye ugomvi.

Nilidhani ni suala la kuwasikiliza wazee wawili na kuamua nani anakumbuka vizuri. Kumbe kila mmoja ana karatasi yake. Bamkubwa anayo kadi ya mgao wa chakula ya wakati wa vita, ameizungushia nailoni mara tatu, imeandikwa kuwa mwenye kadi ni Mshihiri. Bamdogo anacho cheti cha kuzaliwa cha babu, na penye kabila la baba pameandikwa Mngazija. Nilipowaomba niziweke karatasi hizo pamoja mezani, bamkubwa alisema yake haitoki nyumbani kwake. Bamdogo akasema hivyohivyo. Nilizipiga picha, nikawa nazikuza kwenye simu mpaka herufi zikageuka madoa, kana kwamba nchi ya mtu inaweza kuonekana ndani ya wino ukiutazama kwa karibu zaidi.

Nilikwenda ofisi inayotunza madaftari ya zamani. Karani alinisikiliza akiwa amekwishaamua kuwa nimekuja kudai shamba la mtu. Nilimwapia kuwa sina shamba ninalodai, nataka kujua tu. Hilo likamtia shaka zaidi. Siku ya pili alilipata jina. Safari hii pale palipotakiwa mahali alipozaliwa babu aliyekuja, palikuwa pameandikwa Gando.

"Hawezi kuzaliwa Gando," nilimwambia. "Huyu alikuja."

Karani alilifunga daftari taratibu. "Kwani weye unataka awe nani? Nitajie, nikutafutie."

Nilitoka nje nikakaa kwenye baraza ya watu. Nilikuwa na Mshihiri, Mngazija, na mtu ambaye hakutoka popote. Msichana wangu, ambaye anasomesha skuli ya msingi na hana muda wa kuwaza kama mimi, alinitumia sauti kuniuliza kama nimeshapata nchi. Nilimweleza. Alicheka mpaka sauti ikakatika, kisha akatuma nyengine. "Chagua moja tuoane. Au unataka niolewe na bahari nzima?"

Nilimjibu kwa ujumbe mrefu kuhusu ukweli. Hakuusoma wote.

Bamkubwa naye alikuwa ameshapata suluhisho. Tuseme mzee alitoka Shihiri, akapitia Ngazija. Nilifurahi kwa muda wa kunywa chai nusu kikombe. Nikaenda kwa bamdogo kumpa habari, akasema hapana, alizaliwa Ngazija, akapitia Shihiri. Niliwakutanisha. Waligombana juu ya nani alipitia wapi, kana kwamba walikuwamo chomboni, mpaka mke wa bamdogo alipokuja kuvitoa vikombe na kusema kuwa kwa mwendo huu nitaoa nikiwa na mvi.

Nikachukua bodaboda mpaka Gando kwa bibi, mama yao, mjane wa babu. Kwanza alitaka kujua Shumba waliwapa nini. Nilimwambia halua. Akauliza ya wapi. Nilimwambia sijui, Bibi, sikuwepo. Alisikitika kuwa nimefika mbali vile bila ya kuuliza la maana. Nilipomweleza kuhusu karatasi mbili, akaingia ndani akatoka na ya tatu, ya shamba la eka tatu alizopewa babu aliyekuja baada ya Mapinduzi. Niliisoma nikiwa nimesimama. Mmanyema, yaani mtu wa bara kabisa.

Nilikaa chini.

"Bibi, huyu mtu alikuwa Mmanyema?"

"Mmanyema wa shamba," alisema.

"Wa shamba vipi?"

Akanieleza huku akichambua mchicha, na hakuona kama ananieleza jambo kubwa. Mama mkwe wake alimhadithia kuwa wakati wa vita mchele ulikuwa adimu, na walioandikwa Waarabu na Wahindi wakipewa mchele, wengine wakipewa unga. Nyumba ilikuwa imejaa watoto. Mzee akenda akajiandikisha Mshihiri, akarudi na mchele. Baadaye yakaja Mapinduzi, zikagaiwa eka tatu tatu. "Wakati ule ungemwambia nani kama wewe Mshihiri?" aliniuliza.

Nikamuuliza kuhusu Ngazija.

"Hiyo sijui. Labda karani alikuwa Mngazija."

"Na kwao hasa?"

"Mie nilimkuta mtu mzima, anasema kama sisi. Nilimuuliza siku moja. Akanambia, kwani mumenichoka?"

Akaendelea na mchicha wake.

Nilikasirika, na niliyemkasirikia alikuwa chini ya ardhi, hatua chache nyuma ya nyumba ile. Mtu gani huyu? Ameulizwa na kila ofisi, na kila ofisi ameipa ilichotaka, kisha amekufa akatuachia sisi tugombane. Nilikuwa nimejaa maneno ya kumwambia. Hapo ndipo nilipoona kuwa nami siku zote zile nilikuwa nafanya kazi yake. Nilishajua kuwa yule mzee wa Shumba ana jamaa Wangazija. Nilishapima kuwa Shihiri ingependeza zaidi kwa upande wa mama yake msichana. Yeye alitafuta mchele. Mimi nilitafuta mke.

Sikurudi Jadida. Nilimwambia kijana wa bodaboda anipeleke Shumba, na njia nzima nilitafuta sababu za kumwambia ageuze. Mwenye kuposa haendi mwenyewe. Nilizipata sababu nyingi, ila pikipiki ilikuwa na kelele.

Nilimkuta baba yake msichana uani, anaanua karafuu kwa haraka maana wingu lilikuwa limekaa vibaya. Nilimwamkia, akaitikia bila ya kusimama. Nikashika ncha ya pili ya jamvi. Mambo yote niliyokuwa nimeyapanga yakanipotea.

"Mzee, asili yetu hatuijui," nilisema. "Karatasi moja inasema Shihiri, moja Ngazija, moja Manyema. Na ofisini wanasema kazaliwa Gando. Tunalolijua ni kuwa alikuja, na kaburi lake lipo Gando. Zaidi ya hapo, nikikwambia kitu nitakuwa nakudanganya."

Tulilivuta jamvi mpaka chini ya bati. Alijifuta mikono.

"Wazee wako wanajua kama umekuja?"

"Hawajui."

"Hawajui hili, wala hawajui hilo." Akaokota karafuu zilizomwagika, akazirudisha jamvini. "Waje Ijumaa baada ya sala. Na wakishindwa kusema kitu kimoja, aje mmoja."

Mvua ilianza nikiwa bado nimesimama pale. Nilisogea ukutani, nikampigia bamkubwa, kisha bamdogo. Wote wawili walianza kunifokea kwa kwenda bila ya ruhusa, nami niliwaacha wamalize. Kisha nikawaambia kila mmoja maneno yaleyale: Ijumaa mkiulizwa asili, semeni hatujui. Kama hamuwezi kulisema hilo, Bibi atakwenda peke yake.