Skafu ya Kijani Nyumbani kwa Mkwe

Mke wangu, kabla hajawa mke wangu, alinionya jambo moja tu kuhusu baba yake. "Anapenda mpira wa Ureno. Kuna klabu moja ya Lisbon, hiyo ndiyo dini yake ya pili. Soma kidogo kabla hujaja kujitambulisha."

Nikasoma kidogo. Nilikuwa mwanafunzi Minneapolis, Marekani, mitihani imenikaba, kwa hiyo utafiti wangu niliufanya kwenye basi. Nikatafuta klabu kubwa ya Lisbon, nikaona simba. Mtu aliyekulia Dar es Salaam akiona simba kwenye nembo ya mpira hahitaji maelezo zaidi. Ni kweli kwamba kwetu simba huvaa nyekundu na huyu alikuwa kwenye kijani, lakini nikajiambia Wareno nao wana mambo yao. Nikaagiza skafu mtandaoni, kijani na nyeupe, nzito, ya kwenda nayo ukweni kwenye baridi ya Novemba.

Kwao ni Richfield, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba kila ndege ilipopita watu walinyamaza katikati ya neno, kisha wakalimalizia. Aliyefungua mlango ni baba mwenyewe, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mfupi, kipara kinang'aa, sweta jekundu. Ni Mmakonde wa Msumbiji, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu, maana alikulia kambini kusini mwa Tanzania baada ya familia yao kukimbia vita ya Mreno.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Alikuwa anaitazama skafu shingoni mwangu. Ndege ikapita, tukaisubiri wote wawili, mlango wazi, baridi inaingia ndani.

"Mama!" akamwita mkewe bila kugeuka. "Njoo uone tulicholetewa."

Mama akaja, akaona, akaziba mdomo kwa pindo la kanga. Nyuma yake akatokea binti. Akashika kichwa.

"Nilisema Lisbon," akaninong'oneza.

"Hii si ya Lisbon?"

"Ni ya majirani, watani wao wa jadi!"

"Marahaba," baba akasema hatimaye. "Karibu. Hicho kitu kiache kwenye gari."

"Nimekuja kwa basi, baba."

"Basi kiache nje."

Nikaitundika skafu kwenye mpini wa koleo la theluji pale barazani, nikaingia nikiwa na shingo tupu kama kuku wa kuchinjwa.

Nilidhani nimefukuzwa kistaarabu. Kumbe nilikuwa nimeandikishwa shule. Mzee yule hakuwahi kupata mtu asiyejua kitu kabisa, watoto wake walikwisha kusikia yote na wakawa wanamjibu kwa Kiingereza, "Baba, we know." Mimi sikujua lolote. Jumamosi iliyofuata akaniita, na iliyofuata tena. Mechi za usiku wa Ureno kwetu huwa mchana, hivyo tukishamaliza wali tulishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, kwenye televisheni yake.

Siku ya kwanza, kabla mpira haujaanza, akanigusa bega. "Simama."

"Wimbo wa taifa?"

"Tai."

Kweli, tai hai alikuwa anazunguka juu ya uwanja, maelfu ya watu wamenyoosha shingo, akashuka taratibu mpaka juu ya nembo ya klabu, yenye tai kama yeye. Baba alisimama wima, mikono ubavuni. Nami nikasimama, ingawa dari ilikuwa fupi na kichwa changu kiligusa bomba la maji.

Alinifundisha kama anavyofundisha hesabu: huendi hatua ya pili kabla ya kuielewa ya kwanza. Klabu ilizaliwa nyuma ya duka la dawa, na wengi wa vijana walioianzisha walikuwa wamelelewa kwenye nyumba ya yatima. "Wale wa skafu yako," akasema, "mwanzilishi wao alikuwa na babu mwenye cheo, akatoa hela na kiwanja. Wa kwetu walicheza popote pasipo na mbuzi." Akanieleza kwamba enzi za dikteta, watangazaji waliogopa kutamka kwamba timu ni nyekundu, kwa kuwa neno hilo lilinuka ukomunisti, wakatafuta neno jingine la kuitaja rangi ile ile. Kisha akachomoa sarafu mfukoni akanipa.

"Soma hapo."

"E pluribus unum."

"Kilatini. Kutoka wengi, mmoja. Maneno hayo yako kwenye nembo ya klabu yangu. Nilipofika Marekani nikiwa kijana kama wewe, nikakuta wameyaandika kwenye fedha yao. Nikasema, kumbe hawa ni wenzetu."

Mama alikuwa anapita na kikapu cha nguo. "Usimsikilize," akasema. "Alifika hapa akalia wiki nzima kwa baridi."

Januari ile alifariki mshambuliaji mmoja mkubwa wa zamani wa klabu, mtoto wa Msumbiji. Huku kwetu baridi ilikuwa kali hata shule zikafungwa, na baba alikaa sebuleni amejifunika blanketi. Nikaenda kumpa pole, kama mtu anavyokwenda msibani. Tulikunywa chai. Nikajikuta nauliza swali lililokuwa linaniwasha kwa muda mrefu.

"Baba, Mreno aliwafukuza kwenu. Imekuwaje ukaipenda klabu yake?"



"Nilikuwa mtoto kambini," akasema. "Kombe la Dunia lilikuwa kwenye redio. Ureno wamefungwa matatu, wanakufa, halafu huyu kijana wa kwetu akaanza. Moja, mbili, tatu, nne, peke yake. Watu kambini wakaanza kushangilia, kisha wakakumbuka wanamshangilia nani. Mwalimu wetu akazima redio. Akasema, huyu anawafungia wanaotuua. Na alikuwa na haki kusema hivyo. Lakini baba yangu akainuka, baba yangu ambaye nyumba yake ilichomwa na askari hao hao, akaiwasha tena. Akamwambia mwalimu: 'Nyumba wameshachukua. Huyu siwaachii.'"

Ndege ikapita. Hakuna aliyekuwa akizungumza, lakini tuliisubiri hivyo hivyo.

Mei klabu ikafika fainali ya Ulaya. Hapo nilikuwa nimeshafika somo la laana. Zamani kocha mmoja aliwaletea makombe mawili ya Ulaya, akaomba aongezewe mshahara, wakamnyima. Akaondoka, na inasemekana alitamka kwamba hawataliona kombe la Ulaya kwa miaka mia. Tangu hapo kila fainali ya Ulaya wanapoteza. "Mimi ni mtu wa hesabu, siamini laana," baba aliniambia, huku amevaa soksi ndani nje. Mechi iliangukia siku ya kazi, akaomba ruhusa shuleni akisema ana msiba. Haukuwa uongo, aliuwahisha tu.

Walipoteza kwa penalti. Baba akazima televisheni, akatoka akawasha mashine akaanza kukata majani, ingawa yalikuwa mabichi kwa mvua na yaliganda kwenye visu. Nikachukua reki nikamfuata. Tulizunguka nyumba nzima, yeye anakata, mimi nakusanya.

Alipozima mashine akauliza, "Una mzee yeyote hapa?"

"Nina baba mdogo, yuko Woodbury."

"Mwambie aje. Kijana anayeweza kukaa na mimi siku kama ya leo, atamweza na binti yangu."

Baba mdogo akaja na mama mdogo na akina mama wawili wa kanisani, wamebeba vyakula. Baba mdogo hajui lolote la Ureno. Amekaa Minnesota miaka mingi, na moyo wake aliutoa kwa timu ya zambarau ya hapa, ya mpira wao wa Kimarekani, ule wa kukumbatiana. Nikaomba Mungu wasiulizane. Wakaulizana kabla juisi haijamiminwa.

"Timu yenu imewahi kuchukua ubingwa mkubwa?" baba akauliza kwa adabu.

"Hata siku moja," baba mdogo akajibu. "Kuna mwaka tulikuwa na mpiga teke la kufunga pointi ambaye msimu mzima hakukosa hata moja. Siku ya mechi ya kuingia fainali, akakosa."

Baba akaweka glasi chini. "Hebu rudia."

Wakashuka wote wawili kwenye televisheni, kutazama teke la zamani na penalti za juzi, wakibishana laana ya nani ni nzito.

"Jamani!" mama mdogo akawapigia kelele kutoka juu ya ngazi. "Tumekuja kuposa au kuomboleza?"

"Dakika moja!" wakajibu pamoja.

Mama akamvuta mama mdogo mkono. "Njoo jikoni, dada. Sisi Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama. Mimi nimeshakubali. Hao wakipanda tutawapa taarifa."

Walipopanda, chakula kimepoa na harusi imeshapangiwa Jumamosi moja ya Agosti. Baba akatoa simu, akatazama ratiba ya ligi ya Ureno kwa muda, akatikisa kichwa.

Tulifunga ndoa siku ya Ijumaa.