Fungua Zote

Nilitaka kumpiga mkaguzi. Niseme mapema, maana watu wa Kirumba wanaisimulia siku ile kana kwamba mimi nilikaa chini nikalia kama mfiwa. Sikulia. Nilikuwa nimevua kiatu, kile cha soli nene nilichokivaa sokoni Mwaloni kwa ajili ya matope ya samaki, na nilikuwa nimeshachagua mahali pa kumpiga, juu kidogo ya sikio. Aliyenishika mkono ni kaka yangu. Na kaka ndiye aliyekuwa amedhulumiwa.

Kaka alikuwa fundi wa pikipiki. Banda lake lilikuwa nyuma ya uwanja wa mpira, mabati matatu na benchi moja la mti mgumu, na hapo ndipo nusu ya pikipiki za mji zilipofufuliwa. Nasema zilifufuliwa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Miaka ile ya uhaba, pistoni ya saizi ya kiwandani ilikuwa kitu cha kusikia tu. Silinda ikilika, kaka aliipeleka kwa mkerezaji ikapanuliwa kidogo, halafu akatafuta pistoni kubwa zaidi, hata kama ni ya pampu ya maji, akaichonga kwa tupa mpaka ikae. Ikilika tena, inapanuliwa tena. Hakuna aliyeita huo udanganyifu. Ilikuwa dawa, na mgonjwa hashitakiwi kwa kunywa dawa.

Kisha ikaja ruksa, biashara zikaachwa huru. Mjini likafunguliwa duka la pikipiki mpya, zinatolewa kwenye makreti zikiwa bado na mafuta ya kiwandani. Vijana wakaanza kumcheka kaka, wakamwita daktari wa maiti. Wateja walipungua, na yeye ni mtu asiyejua kazi nyingine. Nilimwona anavyopiga tupa siku hizo, kwa hasira, mpaka vidole vinatoka damu.

Mwenye duka akaandaa mashindano. Kutoka Kisesa hadi ndani ya uwanja wa Kirumba, na mshindi apewe pikipiki mpya. Ili watu wasiseme kuna upendeleo akamleta mkaguzi kutoka Dar es Salaam, mzee mwembamba mwenye kipimo cha chuma ndani ya kijaluba. Masharti yalisomwa mbele ya wote: injini isizidi ukubwa fulani, na atakayefika wa kwanza injini yake itafunguliwa ipimwe.

Kaka alisikia na hakushtuka. Ukubwa wa injini yake ulikuwa umegongwa ubavuni, kwenye chuma chenyewe, na namba ile ilikuwa chini ya kikomo. Kwake yeye, injini iliitwa kwa jina ililozaliwa nalo. Ungemuuliza fundi yeyote wa Mwanza wakati ule angekujibu hivyo hivyo. Mtu akinenepa hageuki kuwa mtu mwingine.

"Nikishinda na hii," aliniambia, "kesho banda linajaa. Wataona mzee wetu wa Kirumba amemshinda mtoto wa kreti."

Siku ya mashindano nilipanda lori la barafu la samaki lililoandamana na waliokuwa mbele, kwa hiyo niliona. Yale hayakuwa mashindano, yalikuwa vita. Walikuwa hawajaifikia hata Igoma na tayari mmoja alikuwa ameingia kwenye ng'ombe. Ng'ombe alisimama, yeye hakusimama. Vumbi lilikuwa zito. Wakikaribiana wanapigana mateke, kisigino kwa goti, kiwiko kwa shingo. Anayeongoza kwa mateke alikuwa rafiki mkubwa wa kaka, msambazaji wa mikate wa Nyegezi, jitu lenye mabega ya kubeba kabati. Pikipiki yake ilitengenezwa na kaka tangu tairi hadi taa, na mikate yake yote ilipita juu ya injini hiyo. Nilimwona akimtupa mwenzake mtaroni kwa teke moja na kuendelea bila kugeuka. Nilishangilia. Sikuwa mtu mwema siku ile, na hakuna aliyekuwa mwema.

Kaka aliingia uwanjani wa kwanza. Suruali ilikuwa imechanika kuanzia paja na goti lilikuwa nyama tupu, kwa sababu alianguka Buzuruga akainuka. Wa Nyegezi akaingia wa pili. Mtoto wa mwenye duka, juu ya pikipiki mpya na kofia inayong'aa, alifika nyuma kabisa, wakati watu wameshaanza kushuka majukwaani. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Wakaifungua injini ya kaka pale pale kwenye nyasi. Mkaguzi akainama, akaingiza kipimo chake kwenye silinda, akasoma, akafuta, akasoma tena. Akasimama akatikisa kichwa. Kipaza sauti kikatangaza uwanja mzima kwamba aliyefika wa kwanza ametumia injini isiyo halali, na mshindi ni yule wa Nyegezi.

Basi hapo ndipo nilipovua kiatu. Watu walikuwa wanazomea. Wale waliombeba kaka mabegani dakika chache kabla ndio waliomtupia maganda ya miwa, na jiwe moja likampata mgongoni. Upande wa pili, yule wa Nyegezi anarushwa juu, anacheka meno yote nje, na mimi najua, kila mpanda pikipiki pale anajua, kwamba silinda yake ilikerezwa na mkerezaji yule yule na pistoni yake ilichongwa kwa tupa ile ile. Tofauti yao ni kwamba yeye alichelewa. Kama angefika mbele, angefunguliwa yeye.

Kaka alinishika mkono akaushusha pamoja na kiatu. Akamwendea mkaguzi.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Mimi sikatai. Umepima, umekuta. Ila naomba ufungue na hizi zingine. Fungua zote."

"Sharti linasema wa kwanza," mkaguzi alijibu. Halafu akafikiri kidogo. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililotumaliza. "Lakini ukikata rufaa una haki yako. Tatizo fundi wa kuzifungua zote hapa sina."

"Fundi ni mimi," alisema kaka.

Sherehe ikakatika. Wa Nyegezi alitelemka kutoka mabegani mwa watu, akaja mbio, akamvuta kaka kando karibu na nilipokuwa nimesimama.

"Wewe, unataka kufanya nini? Injini yangu unaijua."

"Naijua. Na zao nazijua. Tulia, ndugu yangu. Kifo cha wengi harusi. Watawafukuza wangapi? Wakikuta sote tuko hivi, wataona kosa ni la sharti, watalirekebisha. Utabaki wa pili na mimi wa kwanza, kama tulivyofika."

"Mimi sasa hivi ni wa kwanza."

"Kwa kipimo cha nani?" kaka aliuliza, na akaenda kuchukua spana.

Alizifungua moja baada ya nyingine, goti linamvuja damu. Wenye pikipiki walisimama juu yake kama watu wanaotazama mbuzi wao akichinjwa na jirani. Ya Nyegezi ilizidi. Ya yule wa mtaroni ilizidi. Zote zilizidi, na moja ilizidi kuliko hata ya kaka. Kila mara mkaguzi aliposoma, kaka alimtazama usoni, akitegemea mzee yule sasa atacheka, au atachoka, au atasema basi jamani nimeelewa. Nilimwonea huruma. Alikuwa na imani ya mtoto wa shule anayejua kwamba darasa zima likikosa, mwalimu hamchapi mtu.

Ya mwisho ilikuwa ile mpya. Kaka aliifungua nayo, kwa heshima, na nilimwona akipitisha kidole ndani ya ile silinda isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Ilikuwa sawasawa.

Mkaguzi akafunga kijaluba chake. Kipaza sauti kikatangaza kwamba wote wametolewa isipokuwa mmoja, na mtoto wa mwenye duka, aliyefika watu wakielekea nyumbani, akaitwa kuja kuchukua pikipiki kutoka kwa baba yake mwenyewe. Harusi ilikuwepo kweli. Ilikuwa ya mtu mmoja.

Nataka nieleweke: mzee yule hakukosea hata mahali pamoja. Nimeligeuza jambo hili kichwani miaka mingi na sijapata pa kumshika. Kipimo kilikuwa kimoja, sharti lilikuwa moja, na hakuna aliyefichwa kitu. Na bado ulikuwa uonevu, na nikikumbuka damu inanichemka hadi leo.

Walimkamata kaka chini ya jukwaa, alipokuwa anakusanya vifaa vyake. Walikuwa watatu, wa Nyegezi mbele. Sikusikia maneno mengi. Nilisikia "umetuuza", halafu ngumi, halafu kaka yuko chini na viatu vinamwingia mbavuni. Nilifika nikiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Nilimpiga mmoja kisigino cha kiatu shingoni akakaa. Wa pili alinigonga kwa kofia ya chuma mdomoni. Jino langu la mbele lilibaki pale Kirumba, na watu wakiniuliza pengo hili nawaambia nimelitoa sadaka kwa michezo. Niliinuka nikamng'ata wa Nyegezi sikio, nikasikia gegedu linavunjika kwenye meno yaliyobaki, naye hakuacha alichokuwa anafanya. Alikuwa ameulaza mkono wa kuume wa kaka juu ya ngazi ya saruji. Alikuwa anaupiga kwa spana, spana ya kaka mwenyewe, ile kubwa aliyofungulia injini zao. Alipiga kama mtu anayevunja barafu ya samaki. Kaka alipiga ukelele mmoja, kisha akawa anatazama tu mkono wake.

Aliyewafukuza ni mkaguzi. Alikuja na dereva wake na jeki ya gari mkononi, mzee mzima, anapiga kelele kama kichaa. Alitupakia kwenye pikapu akatupeleka hospitali, na njia nzima alikuwa anasema, "Lakini aliomba mwenyewe. Aliomba mwenyewe." Sikuwa na kiatu tena cha kumpigia.

Vidole viwili havikurudi. Daktari alivinyoosha, vikakataa.

Sasa, zile injini zilikuwa zimebaki wazi. Wenyewe walizisukuma nyumbani, vipande vimo kwenye makarai, wakazipeleka kwa mafundi wengine wa mji. Mafundi wakazitazama wakacheka. Nani atafunga pistoni ya pampu ya maji iliyochongwa kwa jicho la mtu mwingine? Kila moja ilikaa kwa namna yake, na namna hiyo ilikuwa kichwani mwa kaka peke yake.

Asubuhi moja nilikuwa bandani namkorogea chai, mkono wake umefungwa hadi kiwikoni, akatokea wa Nyegezi. Amebeba karai. Sikio lake lilikuwa na bandeji, na hilo lilinifurahisha.

"Dada, mwenyewe yupo?"

"Mwenyewe umemvunja."

"Leta," kaka alisema kutoka ndani.

Wa Nyegezi akaiweka injini juu ya benchi. Kisha akatoa mfukoni spana ile ile, imefungwa kwenye kitambaa, akaiweka kando ya injini. Kaka akamwambia aishike yeye, kwa sababu fundi mwenyewe hana mkono. Yule mtu akashika. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimetandazwa juu ya mbao ngumu za benchi, vidole wazi, anazuia injini isiteleze, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nyundo ilikuwa ukutani. Niliichukua.

"Kaka," nilisema, "mkono ule pale. Sema tu."

Wa Nyegezi alisikia. Hakuuondoa mkono. Aliinamisha kichwa akangoja, na jasho likawa linamdondoka puani juu ya chuma. Kaka aliutazama mkono ule kwa muda mrefu, na najua aliutamani, kwa sababu kidevu chake kilikuwa kinatetemeka.

"Kaza," alisema.

Wa Nyegezi akazungusha. "Hapo?"

"Bado."

Akazungusha tena. "Hapo?"

"Hapo basi. Ukizidisha unavunja."

Walimaliza jua likiwa juu. Injini ikawaka kwa teke la kwanza, akaondoka nayo kwenda kuchukua mikate, na moshi wake ukajaa bandani. Kaka akasema ana kiu, nimshikie kikombe anywe. Ilibidi kwanza niweke nyundo chini.