Jicho la Urembo la Sada

Mkasa wote ule ulitugharimu jicho moja. Nimeuhesabu mara mbili, maana ndivyo nilivyolelewa sokoni, na jibu halibadiliki: jicho la kushoto la mdogo wangu Sada.

Enzi za Mwingereza, nyumba yetu ya mtaa wa Chemchem ilinuka asali na nta toka barazani hadi jikoni. Mama alinunua asali kwa warina, wavunaji wa porini waliokuja mjini kwa njia ile ile ya zamani ya misafara, akaichuja, nasi watoto tukaimimina kwenye chupa. Sada alikuwa na kengeza dogo tangu alipoanza kutambaa. Hakuna aliyelihuzunikia. Shangazi alisema ni jicho la urembo, litamletea mume mwenye ng'ombe wengi. Mimi, kwa wivu, nilijaribu kulipata la kwangu mbele ya kioo, nikaambulia maumivu ya kichwa. Wateja nao walitania.

"Mama Zaina," mmoja alimwambia Mama, akimwita kwa jina langu mimi mkubwa, "huyu mwanao ananitazama mimi au mizani?"

"Anakutazama wewe. Mizani anailinda, maana nakujua," Mama alijibu, na bei haikushuka.

Lakini Sada alikuwa akimwaga. Aliinua kibuyu vizuri, kisha asali ikapita pembeni ya mdomo wa chupa. "Macho umeyaacha wapi?" Mama alifoka, kofi likifuata. Sada hakujitetea. Angejuaje? Alidhani sote tunaona hivyo.

Alikuwa na miaka kumi nyuki alipomuuma kwenye kope la jicho la kulia, jua likiwa kali uani. Kope likavimba, jicho likafumbika. Sada akanyoosha mikono mbele.

"Dada, mbona kumekuwa giza?"

Nilicheka, nikidhani anadeka. Kisha akapiga hatua mbili, akajigonga kwenye nguzo.

Hospitali, daktari alilimulika jicho la kushoto kwa tochi, muda mrefu. Alisema ubongo ulikwisha kuacha kulisikiliza. "Angeletwa akiwa na miaka mitatu, minne, tungeliziba lile zima ili hili lilazimike kufanya kazi. Sasa tumechelewa."

Mama akafanya alichokijua. "Nusu basi, daktari?"

"Mama..."

"Robo. Aone tu anapomimina."

Daktari alizima tochi. Ndiyo siku pekee niliyomwona Mama akiondoka mahali bila kupunguziwa chochote.

Uvimbe ulipungua, jicho la kulia likafunguka. Sada ameishi na hilo moja miaka yote hii. Sasa nalo limeanza kuingia ukungu, na akivuka barabara mimi ndiye ninayemshika mkono.

Leo macho ya watoto yanapimwa hapa hapa mjini, na toka Itetemia, anakokaa mwanangu, ni safari fupi ya bodaboda. Mjukuu wangu ana miaka minne. Hana kengeza, ila huinamisha kichwa upande akitazama kitu. "Mama, hayo ni madaha tu. Mtoto anaona hadi ndege angani," baba yake hunijibu. Anamwona kwa macho mawili, au kwa moja? Baba yake hajawahi kumziba jicho moja akajaribu. Nimemsihi ampeleke sasa, kisha kila mwaka hata kama haumwi, kwa kuwa mtoto hawezi kulalamikia asichokijua. Nimetoa nauli, nimetisha, nimenuna. Nyinyi mliowahi kumshinda mtoto mkaidi aliyekwisha kuwa baba, nishaurini: nimchukue mjukuu kesho asubuhi bila kumuaga mtu, au mnayo njia nyingine isiyochelewa?